Figo Iliyougua na Hesabu ya Maji

Katika nyumba nyingi zenye mgonjwa wa figo hutokea mabishano yanayofanana. Jirani aliyekuja kumjulia hali husema: "Mpeni maji kwa wingi, maji ndiyo sabuni ya figo." Mkewe mgonjwa hujibu kuwa daktari amemwandikia vikombe vinne tu kwa siku, chai ikiwamo. Jirani hustaajabu, na mgonjwa mwenyewe huzidi kutatizika akikumbuka kwamba miaka kadhaa nyuma, ugonjwa huo huo ulipogunduliwa, aliagizwa asijinyime maji hata kidogo. Je, madaktari wamejipinga? Makala hii yakusudia kuonyesha kuwa hawakujipinga, na kwamba mwanafunzi wa kidato cha tatu anayejua kuzidisha na kugawanya aweza kuihakiki hesabu yao yeye mwenyewe, kwa kalamu na karatasi.

Tuanze na figo nzima. Binadamu ana figo mbili, kila moja ikiwa na urefu wa sentimita 11 hivi na uzito wa gramu 150 takriban. Viungo hivyo vidogo hupokea zaidi ya lita moja ya damu kila dakika, yaani karibu sehemu moja ya tano ya damu yote inayosukumwa na moyo. Ndani ya kila figo mna nefroni zipatazo milioni moja. Nefroni ni kifundo cha mishipa myembamba sana ya damu kilichounganishwa na kijibomba kirefu. Damu ipitapo katika kifundo hicho, maji na vitu vidogo vilivyoyeyuka hupenya na kuingia katika kijibomba, bali chembe za damu na protini hubaki nyuma. Mchujo huo, kwa figo zote mbili, ni mililita 125 hivi kwa dakika. Siku ina dakika 1,440. Basi mchujo wa siku nzima ni lita 180.

Hapa ndipo wanafunzi wengi hukosea. Hudhani kuwa kazi ya figo ni kutoa maji. Lakini mtu hakojoi lita 180. Hukojoa lita moja na nusu au mbili. Lita 178 zilizosalia hufyonzwa na kurudishwa katika damu kwa njia ya vijibomba. Figo, basi, ni kiungo cha kurudisha kuliko kutoa, na ufundi wake mkubwa ni kuamua kiasi gani kirudi. Mtu akishinda juani bila kunywa, ubongo humwaga katika damu homoni ya kupunguza mkojo, nayo hufanya vijibomba vifyonze maji zaidi, na mkojo huwa kidogo na wa manjano iliyokolea. Akinywa maji mengi, homoni hiyo hupungua, na mkojo huwa mwingi na mweupe kama maji ya mvua.

Kila siku mwili hauna budi kutoa takataka na chumvi zilizoyeyuka: urea, sodiamu, potasiamu na nyinginezo. Zikijumlishwa kwa mtu anayekula chakula cha kawaida, huwa milimoli 600 hivi. Figo nzima yaweza kukoleza mkojo hadi kufikia takriban milimoli 1,200 katika kila lita. Gawanya 600 kwa 1,200, nawe utapata nusu lita. Hicho ndicho kiasi kidogo kabisa cha mkojo ambacho mtu mwenye afya aweza kutoa kwa siku bila kuacha takataka mwilini.

Sasa tuitazame figo inayougua kwa muda mrefu. Sababu kuu za ugonjwa huu sugu ni kisukari na shinikizo la damu. Hapa Afrika ya Mashariki kuna pia waliodhurika kwa kichocho kilichoziba njia ya mkojo, na wengine kwa maradhi ya vifundo vyenyewe. Sababu iwayo yote, jambo linalotokea ni moja: nefroni hufa, wala hazizaliwi nyingine. Zilizobaki hulazimika kubeba mzigo wa wenzao. Kila nefroni iliyo hai hupitishiwa maji na takataka nyingi kwa haraka mno, hata isipate nafasi ya kukoleza. Mwishowe mkojo hutoka ukiwa na ukolezo ule ule wa damu, yaani karibu milimoli 300 kwa lita, mtu awe amekunywa maji au hakunywa.

Rudia mgawanyo wetu. Takataka ni zile zile milimoli 600, lakini ukolezo ni 300 tu. Jibu ni lita 2. Mgonjwa huyu hawezi kutoa takataka zake kwa nusu lita ya mkojo. Anahitaji lita mbili. Ndiyo sababu dalili mojawapo ya mapema, ambayo wengi huipuuza na kuihesabu kuwa ni uzee, ni kuamka usiku mara mbili au tatu kwenda kukojoa. (Watoto wenye selimundu nao figo zao hushindwa kukoleza mkojo tangu utotoni, na wengi wao huchapwa kwa kukojoa kitandani. Mwalimu wa bweni angefanya vema kulijua hilo kabla ya kushika fimbo.)

Kutokana na hesabu hiyo twaona kwa nini mgonjwa wa hatua ya kwanza na ya kati hakatazwi maji. Akijinyima, au akishikwa na kuhara na kutapika pasipo kurudishiwa maji yaliyopotea, figo zake hazina njia ya kubana matumizi kama zifanyavyo figo nzima. Damu hupungua, mchujo hushuka, na nefroni chache zilizosalia zaweza kufa kwa siku chache. Siku mbili za kuhara, ambazo kwa nduguye ni usumbufu tu, kwake ni sababu ya kwenda hospitali upesi.

Je, basi, anywe kupita kiasi ili aziponye figo? Swali hili lilipimwa kwa utaratibu wa kisayansi nchini Kanada. Wagonjwa 631 waliokuwa katika hatua ya tatu ya ugonjwa sugu wa figo waligawanywa kwa bahati nasibu katika makundi mawili. Kundi moja lilihimizwa kuongeza lita moja hadi moja na nusu ya maji kila siku juu ya desturi yao. La pili liliachwa na desturi yake. Matokeo yalichapishwa mwaka 2018: baada ya mwaka mmoja, kushuka kwa kazi ya figo katika makundi yote mawili hakukuwa na tofauti ya maana. Maji ya ziada hayakuharibu, wala hayakuponya. Msemo wa "sabuni ya figo" haukupata ushahidi. Tena kuna hatari upande wa pili. Figo iliyoshindwa kukoleza hushindwa pia kuzimua, hivyo maji yakimiminwa mengi kwa mara moja, sodiamu katika damu huzimuliwa, na mgonjwa huumwa kichwa, huchanganyikiwa, na mambo yakizidi hupatwa na degedege.

Hata hivyo, asije msomaji akadhani kuwa maji hayana kazi katika kuzilinda figo ambazo bado ni nzima. Tangu mwishoni mwa karne ya 20 madaktari wa Amerika ya Kati, hasa El Salvador na Nikaragua, walianza kuona vijana wanaume wengi, wakata miwa wa tambarare za joto za pwani, wakifa kwa ugonjwa wa figo ilhali hawana kisukari wala shinikizo la damu. Chanzo chake bado chajadiliwa, lakini kazi ngumu katika joto kali bila maji na mapumziko ya kutosha yashukiwa kwa nguvu, na katika mashamba kadhaa wameanzisha utaratibu wa maji, kivuli na mapumziko. Mwili wa mkata miwa huyo haukudai dawa. Ulidai kikombe cha maji na mti wa kukaa chini yake.

Tufike sasa hatua ya mwisho. Madaktari huuhesabu ugonjwa kuwa umefika hatua ya tano mchujo ushukapo chini ya mililita 15 kwa dakika. Kwa wagonjwa wengi, wakati fulani katika hatua hii au baada ya kuanza kusafishwa damu kwa mashine, mkojo wenyewe huanza kupungua: lita moja, nusu lita, kikombe, na hatimaye matone. Hapo hesabu yote hupinduka. Zamani taabu ilikuwa maji kutoka ovyo. Sasa taabu ni kwamba yanayoingia hayana mlango wa kutokea. Huanza kukaa chini ya ngozi ya vifundo vya miguu, ambapo ukibonyeza kwa kidole hubaki shimo. Kisha hupanda, huliongezea damu shinikizo, huulemea moyo, na mwishowe hujaa mapafuni, mgonjwa asiweze kulala chali kwa kukosa pumzi. Uvimbe huo ulijulikana tangu kale, lakini aliyeuhusisha waziwazi na figo ni daktari Mwingereza Richard Bright, wa hospitali ya Guy's mjini London, katika maandishi yake ya mwaka 1827. Chombo chake cha uchunguzi kilikuwa kijiko na mshumaa: alichemsha mkojo wa mgonjwa aliyevimba, na protini iliyovuja kupitia figo mbovu ikagandamana kama ute wa yai.

Kwa mgonjwa wa namna hii, anayesafishwa damu, kanuni itumikayo mahali pengi ni rahisi kukumbuka: pima mkojo wa saa 24, kisha ongeza mililita 500, hicho ndicho kiasi cha kunywa kwa siku. Mililita 500 hizo zimetoka wapi? Mwili hupoteza maji kwa pumzi na ngozi, na kidogo kwa choo kikubwa. Kwa upande wa pili hupata maji yaliyomo ndani ya chakula, na karibu mililita 300 zinazozaliwa mwilini chakula kinapounguzwa na oksijeni, kama tujifunzavyo katika mlinganyo wa upumuaji. Kwa mtu asiyetoka jasho sana, mapato hayo na matumizi hayo hukaribia kulingana, na zile mililita 500 za ziada hujikusanya mwilini zikingoja mashine. Mtu wa Dar es Salaam au Mombasa katika mwezi wa Februari hutoka jasho zaidi kuliko mtu wa Njombe mwezi wa Julai, kwa hiyo kanuni haiwezi kuwa amri isiyobadilika. Kipimo cha kuaminika zaidi ni mizani. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja. Hakuna chakula kinachoweza kumnenepesha mtu kilo mbili kwa siku mbili. Uzito ukipanda hivyo, yaliyopanda ni maji. Tahadhari moja yapasa kuongezwa: kiasi cha maji cha kila mgonjwa huamuliwa na daktari wake, na asiye na agizo la kupunguza asijipunguzie kwa kusoma makala hii.

Lakini nionavyo mimi, kumhubiria mgonjwa juu ya maji bila kumweleza habari za chumvi ni kumwonea. Kiu si tabia mbaya. Ni sheria ya kikemia. Majimaji yaliyo nje ya seli zetu yana milimoli 140 hivi za sodiamu katika kila lita, na ubongo huilinda namba hiyo kwa ukali. Mole moja ya kloridi ya sodiamu ina uzito wa gramu 58.5. Zidisha 0.14 kwa 58.5: jibu ni gramu 8.2. Maana yake ni kwamba mgonjwa asiyekojoa, akila gramu 8 za chumvi, atashikwa na kiu isiyotulia mpaka anywe karibu lita moja, na lita hiyo itakaa mwilini pamoja na chumvi yake. Mfungie mtungi, atachota kwingine. Shirika la Afya Duniani hushauri mtu mzima yeyote, hata mwenye afya, asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, kiasi kisichofika kijiko kidogo cha chai kilichojaa.

Darasani jambo hili laonyeshwa kwa yai bichi. Liache ndani ya siki kwa siku moja au mbili mpaka ganda lote liyeyuke na ubaki utando laini. Lipime uzito, kisha lilaze katika maji matupu kwa saa kadhaa, ulipime tena. Halafu lihamishie katika maji yenye chumvi nyingi. Wanafunzi wataona yai likivimba na baadaye kunywea, nao wataelewa pasipo mahubiri kuwa maji hufuata mahali palipo na chumvi.

Chumvi yenyewe haimo katika kopo tu. Ng'onda na papa wa kukaushwa, dagaa waliotiwa chumvi, achari, supu za vipakiti, mkate wa dukani, vyote vinayo. Na mapishi yetu yana mtego mwingine ambao vitabu vya kigeni haviutaji: magadi. Mama anayetia magadi ili maharage au makande yaive upesi hutia chumvi za sodiamu, kabonati na bikabonati, zile zile zinazovunwa katika Ziwa Magadi huko Kenya. Hayana ladha kali ya chumvi, lakini sodiamu ni sodiamu. Chumvi ya majivu nayo, inayochujwa kutoka majivu ya mimea, na ile "chumvi ya wagonjwa" iuzwayo madukani, mara nyingi huwa na potasiamu nyingi, na hilo ni baya zaidi, kwa maana figo mbovu huishindwa potasiamu, nayo ikizidi katika damu yaweza kuusimamisha moyo ghafula bila onyo.

Kwa sababu hiyo haitoshi kuuliza mgonjwa amekunywa kiasi gani. Yapasa kuuliza amekunywa nini. Pwani husifiwa sana madafu kuwa huosha figo. Maji ya dafu yana potasiamu kiasi cha miligramu 250 katika kila mililita 100, hata dafu moja kubwa laweza kuwa na gramu nzima. Kwa kijana anayecheza mpira ni kinywaji kizuri. Kwa mgonjwa wa hatua ya mwisho ni hatari, na kadiri jirani anavyomletea mengi kwa upendo ndivyo hatari inavyozidi. Juisi ya machungwa, maji ya tende na ndizi zilizosagwa ziko katika orodha hiyo hiyo. Birimbi nazo, zikikamuliwa na kunywewa juisi yake nzito, zina asidi ya oksaliki kwa wingi. Huko Kerala, nchini India, madaktari wameeleza habari za watu wenye afya ambao figo zao zilisimama baada ya kunywa juisi hiyo. Nazungumzia juisi, si birimbi mbili tatu ndani ya mchuzi.

Jinsi ya kuishi na vikombe vinne ni ufundi ambao wagonjwa wazoefu huujua kuliko wengi wetu. Wengi hujaza chupa asubuhi kwa kiasi kamili cha siku, na kila wanywapo chai, uji, maziwa au mchuzi, humwaga kiasi hicho hicho kutoka katika chupa, ili macho yaone kilichobaki. Kikombe kidogo hushinda kikubwa. Kusukutua maji baridi na kuyatema, kufyonza kipande cha ndimu, au kumumunya kipande cha barafu polepole (barafu nayo ihesabiwe, kwani ni maji) hutuliza ukavu wa kinywa, ambao mara nyingi si kiu halisi. Dawa na zimezwe wakati wa mlo, kwa maji yaliyokwisha kuhesabiwa. Mwenye kisukari hana budi kuidhibiti sukari, kwani sukari nyingi katika damu huleta kiu kama chumvi iletavyo. Katika mwezi wa Ramadhani ni vema mgonjwa azungumze na daktari wake mapema: wa hatua ya kati aweza kudhurika kwa kukaukiwa mchana, na wa hatua ya mwisho kwa kuyanywa yote kwa pamoja kati ya futari na daku.

Mashine ya kusafisha damu hufanya kwa saa nne kazi ambayo figo huifanya usiku na mchana bila kupumzika. Damu hupitishwa upande mmoja wa utando, na mmumunyo maalumu upande wa pili. Takataka huvuka kwa mtawanyiko, na maji hukamuliwa kwa tofauti ya shinikizo. Daktari Willem Kolff aliitengeneza mojawapo ya zile za kwanza kutumika kwa wagonjwa katika mji wa Kampen, Uholanzi, mwaka 1943, nchi yake ikiwa chini ya Wajerumani na vifaa havipatikani. Utando wake ulikuwa selofani ya kufungia soseji, umezungushwa juu ya pipa la vijiti vya mbao. Kwa kawaida mgonjwa husafishwa mara tatu kwa wiki, ingawa wengine katika nchi zetu humudu mara mbili tu kwa sababu ya gharama. Wachache hupandikizwa figo. Tanzania ilianza upasuaji huo katika Hospitali ya Taifa Muhimbili mwaka 2017, ambapo kabla ya hapo wagonjwa walipelekwa India. Maji mengi yakikamuliwa kwa haraka katika saa hizo nne, shinikizo la damu huporomoka, misuli hukakamaa, na moyo hupata taabu. Ndiyo maana wauguzi hupendelea uzito usipande zaidi ya asilimia 4 au hivi kati ya siku moja ya mashine na nyingine.

Mwalimu aweza kumaliza kipindi kwa zoezi hili. Kwanza wanafunzi walete vyombo vya nyumbani, kikombe, bilauri, bakuli la uji, na kuvipima kwa silinda ya maabara. Watashangaa jinsi "kikombe kimoja" kinavyotofautiana kutoka nyumba hadi nyumba, wakati mwingine mara mbili. Kisha wafanye hesabu ya mgonjwa wa kubuni mwenye uzito mkavu wa kilo 60, anayekojoa mililita 300 kwa siku, na anayesafishwa Jumatatu, Jumatano na Ijumaa. Aruhusiwe kunywa kiasi gani? Mililita 800. Kila siku atabakiza takriban mililita 500, hivyo kutoka Jumatatu hadi Jumatano ataongezeka kilo moja, na kutoka Ijumaa hadi Jumatatu kilo moja na nusu. Asilimia 4 ya uzito wake ni kilo 2.4. Mwisho wa juma moja anaalikwa arusini, anakula wali kwa ng'onda, gramu 8 za chumvi zaidi ya desturi yake, na usiku huo anakunywa lita moja asiyoikusudia. Jumatatu asubuhi mizani itasoma kilo 62.5.